Maswali ya Wasomaji: Kichaka Kilichobaki Peke Yake Rodrigues

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba kisiwani Rodrigues kuna kichaka chenye maua meupe ambacho kilibaki kimoja tu porini. Ikiwa vipandikizi vya matawi yake vinashika mizizi, kwa nini wataalamu walihangaika miaka mingi kutafuta mbegu? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Ndugu msomaji, ulilosikia ni kweli. Mmea huo huitwa café marron, wa jenasi ya Ramosmania, nao ni wa familia moja na mibuni ya huko kwenu Kagera. Asili yake ni Rodrigues pekee, kisiwa kidogo cha Mauritius katika Bahari ya Hindi. Kwa miongo kadhaa ulidhaniwa umetoweka, hadi mnamo mwaka 1980 hivi mwanafunzi Hedley Manan alipompelekea mwalimu wake tawi la mmea huo. Habari zilipoenea, watu walianza kuukatakata kwa ajili ya dawa, ikabidi uzungushiwe uzio.

Mwaka 1986 vipandikizi vilisafirishwa hadi bustani ya Kew, London, na kimoja kikashika. Kilichanua vizuri, lakini hakikuzaa. Hapo ndipo swali lako lina uzito, kwa sababu kipandikizi hurithi kila kitu kutoka kwa mzazi wake bila mabadiliko, kiasi kwamba ugonjwa unaoweza kuua kimoja unaweza kuviua vyote, ilhali mbegu, hata zikitokana na mmea mmoja, hupanga upya urithi huo na kutoa miche inayotofautiana. Kuwa na vipandikizi mia bado ni kuwa na mmea mmoja.

Kikwazo kilikuwa ndani ya ua lenyewe: chavua ilikuwepo, ila stigma, yaani ncha ya kike inayoipokea, haikuiruhusu kupenya. Mwaka 2003 Carlos Magdalena, mtaalamu wa bustani hiyo, alikata ncha hiyo na kuipaka chavua pale palipokatwa, akarudia kwa subira ya kustaajabisha mpaka likapatikana tunda lenye mbegu. Baadaye miche ilirudishwa Rodrigues.

Mbegu zilileta pia jambo ambalo vipandikizi visingelionyesha. Mche mchanga huwa na majani marefu, membamba, ya rangi ya kahawia, yasiyofanana kabisa na majani mapana ya kijani ya mmea mzima, na wataalamu hudhani kwamba umbo hilo liliuficha machoni pa kobe wakubwa waliokuwa wakilisha kisiwani humo kabla ya kuangamizwa na binadamu.