Kujipima VVU nyumbani: jipange kabla hujafungua pakiti

Wengi ninaozungumza nao kuhusu kupima VVU hawaogopi sindano. Wanaogopa benchi la kusubiria: kukutana na jirani, kuitwa jina kwa sauti, kutoka chumba cha ushauri nasaha huku macho ya watu yakikusindikiza. Ndiyo maana kipimo cha kujipima kinawavuta hata ambao hawajawahi kupima, na Shirika la Afya Duniani limekipendekeza tangu 2016. Mimi nakitumia. Ila kabla hujakifungua, amua majibu yakitoka utampigia nani na utakwenda kituo gani.

Nalisisitiza hilo kwa sababu dakika za kusubiri ni ndefu na akili haitulii. Nilipojipima mara ya kwanza, dada yangu alikuwa anajua, na namba ya kituo nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi pembeni ya kipimo. Majibu yalitoka hasi. Namba sikuipiga, lakini kuiona pale kulinituliza.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwa kipimo cha mate, unapitisha kijiti kwenye fizi ya juu mara moja, ya chini mara moja, kisha unakitumbukiza kwenye kichupa chenye maji ya kipimo. Tega saa. OraQuick, kwa mfano, husomwa kuanzia dakika ya 20 hadi ya 40. Ukikisoma nje ya muda huo, usiyaamini majibu. Kwenye kipimo kuna herufi C na T. Mstari mmoja kwenye C maana yake hasi. C isipotokea, kipimo kimeharibika, tafuta kingine. Panapowachanganya wengi ni mstari wa T unapotokea hafifu, kama kivuli tu. Watu hukigeuza kipimo kwenye mwanga wakijiambia si mstari. Ni mstari, na maana yake ni kwamba unahitaji kwenda kupimwa tena.

Kupimwa tena, nasema, kwa sababu kipimo cha nyumbani peke yake hakimthibitishi mtu kuwa na VVU. Kituoni watarudia kwa vipimo vingine. Ikithibitika, dawa za kufubaza virusi zinaanza mapema, na anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye damu hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Habari hii bado haijawafikia wengi, na inaniuma, maana hofu nyingi ingeondoka.

Kipimo hiki hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, na mwili huchukua muda kuzitengeneza. Ukipata hasi wakati hatari ya kuambukizwa ilitokea ndani ya miezi mitatu iliyopita, rudia miezi hiyo ikitimia. Na kama tayari unatumia dawa za kufubaza, usijipime kuona kama umepona: dawa zinaweza kukifanya kipimo kionyeshe hasi wakati virusi bado vimo.

Wapo pia wanaomletea mwenza kipimo na kumsimamia mpaka apime. Hapana. Mpe, mweleze, muache aamue, na majibu ni yake.

Na kama hatari imetokea jana au juzi, kipimo kisikucheleweshe. Nenda kituo cha afya leo uulizie dawa za kinga, PEP. Zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.