Maswali ya Wasomaji: Wastani wa Shule na Lugha ya Nyumbani

SWALI: Mwanangu yuko darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali mkoani Manyara, ambako wenzake wengi huzungumza Kiiraqw au Kimaasai nyumbani. Wastani wa shule katika mtihani wa darasa la saba ni wa chini. Je, nimhamishe?

JIBU: Ndugu mzazi, usiharakishe. Tangu 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, hivyo mtoto anayekisikia kwa mara ya kwanza darasani hujifunza lugha na hesabu kwa wakati mmoja. Anayehesabu ndama wa babake bila kukosea huweza kukwama kwenye swali la "zimebaki ngapi?" mpaka mwalimu amwekee vizibo vya soda mezani na kuviondoa kimoja kimoja. Wastani huo, kwa maoni yangu, hupima pia umbali wa lugha na wingi wa wanafunzi, ambao uliongezeka sana elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016. Mwanao, ikiwa amekulia Kiswahili, hana kikwazo hicho cha lugha. Kagua madaftari yake, uliza mkondo wake una watoto wangapi, kisha msikilize akisoma aya moja asiyoikariri.