Mdogo wangu ana lupus: je, mimi na binti yangu tuko hatarini?

SWALI: Jambo, Mama Muganga. Nakuandikia kutoka Kadutu. Mdogo wangu wa miaka 26 alianza kuumwa vidole na magoti, homa ikija na kuondoka, nywele zikimtoka. Tulimtibu malaria, tukamtibu tifoide, tukarudia tifoide. Baadaye upele ukamtoka mashavuni na juu ya pua, jua likimpiga unazidi. Hospitalini wakampima damu na kusema ni lupus. Mama yetu anasema hiyo ni karuho tu, yaani sumu ya kulishwa, kwamba kuna mwanamke sokoni aliyempa kitu. Kabla ya kuolewa mdogo wangu aliishi Kamituga, akitwanga mawe ya dhahabu. Aliipata wapi hii lupus? Mimi niliyezaliwa naye tumbo moja, na binti yangu wa miaka 13, itatufikia? Na ni kweli inamaliza figo? — Yaya mtu, Kadutu

JIBU: Yaya, nianze na mama yenu, maana ndiye mwenye sauti nyumbani. Sitabishana naye juu ya karuho. Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Bukavu hadi nikastaafu, na sijawahi kuona mzazi aliyeacha kuamini sumu kwa sababu muuguzi alimkemea. Mwambie hivi: kama ni lazima waombe, waombe, lakini vidonge vimezwe kila siku, na asinyweshwe dawa ya kutapisha. Akitapika, anatapika na vidonge. Mizizi isiyojulikana nayo inapitia figo zilezile tunazotaka kuzilinda.

Lupus haiambukizwi. Mle sahani moja, mlale kitanda kimoja, haina shida. Ni kinga ya mwili inayopotoka na kuanza kupiga mwili wenyewe: viungo, ngozi, damu, figo, moyo, ubongo. Homa yake inafanana na malaria, na hapa kwetu kila homa ni malaria au tifoide mpaka mtu adhoofike. Kwa hiyo msijilaumu kwa ule muda uliopotea.

Aliipata wapi? Hakuna mlango mmoja. Wa kwanza ni kuwa mwanamke: kati ya wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, na wengi inawaanza kati ya miaka 15 na 44, umri wa kuzaa. Homoni ya estrojeni inahusika. Wa pili ni asili yetu. Takwimu za Marekani na Uingereza zinaonyesha kwamba wanawake wenye asili ya Afrika wanaipata mara nyingi kuliko Wazungu, inawaanza mapema na inawashika figo kwa nguvu zaidi. Wa tatu ni damu ya ukoo, na hapo ndipo ulipo wasiwasi wako. Watafiti wamefuatilia mapacha wa kufanana kabisa: mmoja akiwa na lupus, mwenzake huipata karibu mara moja tu katika kila nne. Kama ukoo peke yake ungetosha, wangeipata wote wawili. Wewe hatari yako imepanda kuliko ya jirani yako, lakini bado ni ndogo, na dada wengi wa wagonjwa hawaipati kamwe. Binti yako, ambaye kwa mgonjwa ni mtoto wa dada, yuko mbali zaidi. Usimpeleke labo kupimwa damu akiwa mzima. Kile kipimo cha kwanza, wanachokiita ANA, hutoka chanya hata kwa watu wasio na ugonjwa wowote, na maambukizi mengine nayo yanaweza kukigeuza. Utabaki na karatasi ya kukunyima usingizi. Viungo vikimvimba asubuhi, akitoka upele juani, akiwa na homa isiyoeleweka wiki baada ya wiki, hapo mpeleke.

Sasa Kamituga. Barua yako imeigusa kwa mstari mmoja tu, lakini mimi ndiyo iliyonisimamisha. Mara nyingi jiwe jeupe lenye dhahabu ni kwatzi, na kwatzi ni silika. Mama twangaise anayelitwanga kwenye kinu cha chuma mchana kutwa anavuta unga wake, na ule mwembamba usioonekana ndio unaofika ndani kabisa ya mapafu. Chembe za ulinzi zinaumeza, zinapasuka, na mwili unabaki katika hali ya tahadhari miaka na miaka. Miongoni mwa mambo yote ya kazini yaliyochunguzwa kuhusu lupus, vumbi la silika ndilo lenye ushahidi mzito: kwa wachimba migodi, kwa wachonga mawe, kwa wanaofanya kazi ya kusafisha vyuma kwa mchanga. Siwezi kukuapia kwamba vumbi la Kamituga ndilo lililomwangusha mdogo wako. Lakini daktari wake lazima aambiwe, kwa sababu vumbi hilohilo linafungua njia ya kifua kikuu, na prednizoloni, ile dawa ya kutuliza kinga ambayo wagonjwa wa lupus hupewa, inaweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala. Kama anakohoa, apimwe makohozi na apigwe picha ya kifua. Aulize pia kuhusu minyoo: iko aina moja inayoingilia nyayoni, na kwa mtu wa prednizoloni nyingi inaweza kusambaa mwili mzima. Madaktari wengi hutoa ivermektini kwanza.

Na wanaoendelea kutwanga, au kuponda kokoto kando ya barabara: lowesheni jiwe maji. Kitambaa puani hakizuii ule unga mwembamba.

Jua letu ni la kudanganya. Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari na karibu na ikweta. Kadiri unavyopanda mita 1,000, miale inayochoma ngozi inaongezeka kama asilimia 10. Kwa kuwa upepo wa ziwa ni baridi, mtu hajui kama anaungua, na mawingu mepesi hayaizuii. Kwa mwenye lupus, miale hiyo haiishii kwenye ngozi, inaamsha ugonjwa mpaka ndani. Mwavuli usiwe wa mvua tu. Mikono mirefu, kitenge kichwani, na shughuli za nje zifanywe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Zile krimu za kujichubua aziache leo. Nyingi zina klobetasoli, inayoficha upele huku ikiila ngozi, au haidrokwinoni, inayoinyang'anya ngozi kinga yake ya jua. Sigara nazo ziondoke nyumbani, hata za mume. Zinaongeza hatari ya kuipata lupus, na kwa mgonjwa zinaidhoofisha dawa ya ngozi.

Figo. Ndiyo, ni kweli, na hapa ningependa usome taratibu. Karibu nusu ya wagonjwa wa lupus hushikwa figo, mara nyingi katika miaka ya kwanza, na figo haziumi. Mgonjwa anaenda sokoni, anacheka, anapika sambaza, na figo zinaharibika. Dalili zinapoonekana, yaani mkojo wenye povu lisilokwisha, kope zilizovimba asubuhi, miguu inayobonyea kwa kidole, tansiyo (shinikizo la damu) iliyopanda kwa msichana wa miaka 26, tayari kazi kubwa imefanyika huko ndani. Ndiyo maana kila anapokwenda kliniki, apimwe mkojo kwa kile kijikaratasi cha rangi rangi, na tansiyo. Ni kipimo chepesi kuliko vyote nilivyowahi kushika hospitalini, nacho ndicho kinachosahaulika, kwa sababu mgonjwa alikuja kulalamikia magoti. Asingoje kuulizwa. Aseme mwenyewe: nipimeni mkojo. Protini au damu ikionekana, waendelee na kreatinini, kipimo cha damu cha figo, na kupima kiasi cha protini. Ikifika nusu gramu kwa siku au zaidi, daktari atataka dawa nzito, na pengine kukata kipande kidogo cha figo kukiangalia. Figo zikishikwa mapema, wengi wanaishi nazo. Zikiachwa, mwisho ni mashine ya kusafisha damu, na nimeona familia zikiuza kiwanja kwa ajili yake.

Kinachoharibu figo hizo kwa haraka mara nyingi kinatoka famasi ya kona. Diklofenaki, dawa ya maumivu, sindano au vidonge, kwa ajili ya viungo: asijinunulie. Bactrim, antibiotiki ambayo hapa tunapeana kama pipi, ina salfa, na salfa inaweza kuamsha lupus au kuleta mzio mkali. Fansidar, dawa ya malaria, nayo ina salfa. Kila anapoandikiwa dawa, aanze kwa kusema: nina lupus.

Dawa yake ya msingi, haidroksiklorokwini, ni ndugu ya ile Nivaquine chungu tuliyomeza sisi wa zamani kwa malaria kabla Kongo haijaiacha mwaka 2001. Wengi wanaidharau kwa sababu hiyo. Mimi ningeiweka mbele ya zote: inapunguza mashambulizi, inalinda figo, inasaidia damu isigande ovyo. Kipimo kisizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na macho yachunguzwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano. Haifanyi kazi upesi, inataka wiki nyingi. Prednizoloni ndiyo yenye kasi, na ndiyo yenye deni: uso unavimba, sukari na tansiyo vinapanda, mifupa inakonda, nyonga inaweza kufa. Daktari atajitahidi kuishusha. Ashushe yeye, si mdogo wako. Anayeiacha ghafla kwa sababu shavu limekuwa kubwa anaweza kuanguka akazimia, maana mwili umesahau kutengeneza yake. (Na wale wanaotafuta deksametazoni sokoni ili wanenepe, ni dawa ya ukoo huohuo.)

Moyo nao usisahaulike. Utafiti wa Pittsburgh wa mwaka 1997 uliona kwamba wanawake wenye lupus wa miaka 35 hadi 44 walipata shambulio la moyo zaidi ya mara 50 kuliko wenzao wa umri huo. Akibanwa kifua, wasimwambie ni mdogo sana kwa moyo.

SWALI: Mama, mke wangu ana lupus. Mimba tatu zimetoka, moja ikiwa na miezi mitano. Ndugu zangu wananishauri nioe mwingine. Anaweza kuzaa? — Mume, Bagira

JIBU: Baba, anaweza, na wengi wanazaa. Mimba zinazotoka hivyo mara nyingi zina sababu yenye jina: kingamwili zinazogandisha damu, ambazo zipo kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu. Apimwe hizo, na kipimo kirudiwe baada ya wiki 12. Zikithibitika, aspirini ya kiasi kidogo na sindano za heparini, ya kuzuia damu isigande, vinabadilisha mambo sana. Lupus iwe imetulia angalau miezi sita kabla ya kubeba mimba. Kwa sasa atumie kijiti cha mkononi cha kupanga uzazi, si vidonge vyenye estrojeni. Haidroksiklorokwini iendelee katika mimba. Mikofenoleti na methotreksati, kama yumo kwenye dawa hizo nzito za lupus, zibadilishwe mapema, kabla ya mimba. Aulize pia kingamwili ya Ro: mama akiwa nayo, kama watoto wawili kati ya mia hupata tatizo la mapigo ya moyo tumboni, na linafuatiliwa kwa ekografia. Akienda CPN, kliniki ya wajawazito, aseme ana lupus kabla hajapewa Fansidar ya kumeza pale pale, na alale ndani ya chandarua.

Kuhusu ndugu zako, waambie mimba hizo hazikutoka kwa sababu ya mwanamke mbaya. Nenda naye kliniki wewe mwenyewe.

SWALI: Mimi ni kijana wa kiume, Panzi. Niko mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Rafiki ameniambia zinaleta lupus. Niache? — Bila jina

JIBU: Usiache. Izoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, inaweza kuleta kitu kinachofanana na lupus, viungo vikiuma na homa, kama zinavyofanya dawa nyingine chache, mfano haidralazini ya tansiyo. Ni nadra, na mara nyingi kinaondoka dawa ikibadilishwa. Kifua kikuu kilichoachwa katikati hakiondoki. Viungo vikianza kuvimba, rudi kwa waliokuandikia, ukiwa na kadi yako ya matibabu. Na usijifariji kwamba wanaume hawaipati: yule mmoja katika kumi ni sisi wauguzi na madaktari tunaomchelewesha, na mara nyingi figo zake ndizo zinazoumia sana.