Kwenu mliokabidhiwa moa juzi: iacheni swichi ya kiti

Wiki hii nimeinua kiti cha moa, mashine yetu ya kukatia nyasi, nikakuta plagi ya swichi inayozima injini ukiinuka imechomolewa na ncha zake mbili zimeunganishwa kwa waya, tena kwa ustadi wa mtu aliyeifurahia kazi yake. Sikuuliza ni nani. Kila kundi jipya linaloletwa hapa klabu ya gofu kukata feawei, zile njia za nyasi fupi za kuchezea, hufikia uvumbuzi huo huo, na kila mmoja hudhani ni yeye wa kwanza. Basi nimeona niandike, maana kwa mdomo nimesema hadi mbwa wa hapa wamezoea sauti yangu.

1. Swichi ya kiti. Najua malalamiko yenu: ukipita kwenye tuta unarushwa kidogo, injini inazima, unaanza upya, na jua linapanda. Dawa ni kupunguza mwendo, au kulegeza springi ya kiti ilingane na uzito wako, au kumwambia fundi swichi imechoka. Waya si dawa.

Mimi niliufunga waya huo huo. Nilikuwa bado mgeni kwenye ziro-tani, moa inayoongozwa kwa vipini viwili badala ya usukani wa duara, nimeshajua kugeuza papo hapo kwa vipini, najiona dereva. Kulikuwa na mashindano wikendi hiyo, na msimamizi alikuwa amesema waziwazi kwamba ukingo wa bwawa ni wa watu wa slasha, moa isiukaribie. Nikawatazama wale wazee na slasha zao, nikaona wanachelewesha kazi. Umande haujakauka. Nikaingia kwa kukata mteremko kwa ubavu, sambamba na maji.

Mnaoendesha ziro-tani mnajua magurudumu ya mbele yanazunguka tu, hayashiki kitu. Usukani na breki vyote viko nyuma. Gurudumu la nyuma likiteleza, huna usukani wala breki, una kiti tu. Lile la upande wa juu likaanza kuteleza. Nikavuta vipini nyuma kwa nguvu zote, jambo ambalo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu matairi yaligoma kuzunguka na moa ikashuka nzimanzima juu ya majani mabichi niliyoyakata mwenyewe. Nikaruka.

Hapo ndipo swichi ilipotakiwa kufanya kazi yake. Makalio yakitoka kitini visu vikiwa vimewashwa, injini inakufa na visu vinasimama baada ya sekunde chache. Yangu haikufa. Niliangukia kiuno, mkia wa moa ukazunguka, deki, lile kasha la visu, ikapita mguuni kwangu visu vikilia. Nilipoangalia gambuti la kushoto, kisigino hakikuwepo. Soksi ilikuwa inaonekana, nzima, ya kijivu, na ndani yake kisigino changu hakina hata mchubuko. Mpaka leo sielewi. Moa iliendelea mpaka majini ikichapa maji na matope hadi injini ikanyamaza, na wale wazee wa slasha wakasimama juu ya ukingo bila kusema neno.

Trakta iliivuta mchana. Fundi alipofungua oili ilitoka kama chai ya maziwa. Kisha akainua kiti, akautoa waya wangu, akaenda nao ofisini akauweka juu ya meza ya meneja. Hakutoa maelezo, na hayakuhitajika. Adhabu yangu ilikuwa kuufyeka ukingo ule kwa slasha mvua zote ndefu, kuanzia Machi mpaka Mei, na nyasi za kikuyu wakati wa mvua mnazijua: unamaliza mwisho, mwanzo umeshaota.

2. Miteremko kwa jumla. Moa ya usukani inapanda na kushuka, haipiti kwa ubavu. Watengenezaji wengi wanaweka mpaka kwenye nyuzi 15, na hizo ni nyuzi za mahali pakavu. Ziro-tani pembeni mwa bwawa, banka (shimo la mchanga) au ukuta, hapana, hata ukiambiwa na mimi. Fremu ya kinga ya kupinduka ikiwa imesimama, mkanda unafungwa. Ikiwa umeilaza kukwepa matawi, mkanda unaachwa ili uweze kuruka. Wengi wenu mnafanya kinyume.

3. Injini resi kamili, mwendo wa polepole. Huku kwetu, karibu mita 2,000 juu ya bahari, injini isiyo na taba (turbo, ya kuisukumia hewa) imeshapoteza kama moja ya tano ya nguvu yake kabla hujaketi, kwa hiyo usiikimbize kwenye nyasi nzito halafu ukaja kusema mashine ni mbovu. Usikate zaidi ya theluthi ya urefu wa nyasi kwa mpigo mmoja.

4. Tembea kwanza kwa miguu. Viwango vya Marekani vinaruhusu ncha ya kisu kufika futi 19,000 kwa dakika, yaani karibu kilomita 350 kwa saa. Kokoto ikiguswa na mwendo huo haiulizi kama wewe ni kedi, mbeba mkoba wa mchezaji, au mwanachama. Ndiyo maana kile kifuniko cha mdomo wa deki kipo, na ndiyo maana nikikuta umekifunga juu kwa kamba eti majani yatoke vizuri, nakushusha hapo hapo. Mipira ya gofu iliyopotea kwenye rafu, zile nyasi ndefu za pembeni, ihesabu kama kokoto.

5. Chini ya deki. Zima, toa ufunguo, chomoa waya wa plagi ya cheche ya injini, ndipo uingize mkono. Jeki peke yake si mlinzi, weka stendi. Na visu vina mapezi, zile kingo zilizokunjwa, yaelekee juu, upande wa deki. Kijana mmoja hapa alivifunga kichwa chini, akaendesha asubuhi nzima, akaja kulalamika kwamba nyasi zinalala tu hazikatiki. Nilimwomba anionyeshe. Alinionyesha kwa kujiamini kabisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikakumbuka bwawa, nikamfundisha kwa upole.

6. Petroli inajazwa injini ikiwa imepoa, nje ya stoo, na kamwe si juu ya majani. Tone moja kwenye grini, nyasi laini za kuzunguka shimo la mpira, linaacha duara la kahawia ambalo kapteni wa klabu ataliona akiwa bado kwenye maegesho.

7. Feawei ikitoka na ngazi, upande mmoja juu na mwingine chini, jambo la kwanza ni upepo wa matairi. Usiguse boliti za deki. Geji iko kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Kabla ya kuja kuniambia deki imepinda, nenda kapime.