Ushuru sifuri? Haya, subiri ufike Namanga

Kuna siku nilikaa Namanga, mpakani kwetu na Kenya, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jua linazama kisa chupa za chai. Chupa za chai jamani! Dazeni tano nilizichukua Kariakoo nikazipakia pamoja na mchele wa Kahama nikiwa na uhakika kabisa kwamba sisi ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, umoja wa forodha upo tangu 2005, kila mtu anasema kati yetu ushuru ni sifuri, sasa ushuru wa nini tena? Afisa wala hakuwa mkali, aligeuza chupa moja juu chini akanionyesha pale kitako palipoandikwa China, akasema mama hii haijazaliwa kwetu.

Nikamwambia mbona imeshalipiwa ushuru bandarini Dar. Akacheka. Ule ulilipwa Tanzania, na mzigo wa nje ukivuka kwenda kuuzwa Kenya, Kenya nayo inataka wake. Hapo ndipo wengi tunapopigwa, tunadhani kinachoangaliwa ni umenunulia wapi, kumbe ni kitu kimetengenezwa au kimelimwa wapi.

Sasa ule mchele ungepita bila ushuru wa forodha, na ndo faida yetu yenyewe maana mchele wa Pakistan ukiingia Kenya kwa kawaida unalipiwa, ila nao ulikwama na mimi kwa sababu sikuwa na cheti cha uasili, kile kinachothibitisha mzigo umetoka nchi gani. Bila hicho, karatasi yako inasema wewe ni kama umetoka Karachi tu. Mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti rahisi unakijazia palepale mpakani, mkubwa zaidi unatafuta cha kawaida kabla hujapakia gari, na tafadhali usimpe kishoka akujazie, mimi mmoja alinila elfu themanini kwa fomu ambayo baadaye nilikuja kuijaza mwenyewe kwa kalamu ya kuazima.

Halafu sifuri ni ya ushuru wa forodha tu. VAT ni habari nyingine, kibali cha afya ya mimea kwa nafaka na vitunguu ni habari nyingine, sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, ndo usiseme, Machi 2021 Kenya walizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu hiyo, watu malori yalikaa foleni. Na msidhani sisi malaika, pipi za Kenya ziliwahi kutozwa ushuru wa 25% zikiingia kwetu kwa hoja kwamba sukari yake ya kiwandani iliingizwa kwa nafuu ya ushuru. Kwa hiyo hata kitu kilichotengenezwa hapahapa jirani kinaweza kukugeuka kwa sababu ya malighafi, muulize mwenye kiwanda kabla hujalipa.

Njia za panya sishauri. Najua bodaboda wanavyokushawishi, dakika kumi umeshavuka, ila ukikamatwa mzigo wote unabaki na mtaji wenyewe ndo ule wa vikoba.

Siku hizi napakia makundi mawili. Vya kwetu gari moja na cheti chake, vya China naviuza Arusha mjini basi, sivuki navyo. Zile chupa nilizirudisha, mbili zilipasuka vioo njiani, moja iko jikoni kwangu mpaka leo na chai inapoa ndani ya saa moja.