Hot Five matoleo matatu, lipi ndo lina sauti ya kweli?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nakusanya jazz ya zamani, hasa ya miaka ya 20. Louis Armstrong na bendi yake ya Hot Five ninayo mara tatu: boksi la kampuni ya JSP la 1999, boksi la Columbia/Legacy la 2000, na CD ya bei rahisi ambayo haisemi nani kaisafisha. Hiyo ya bei rahisi haina kelele kabisa, ila rafiki yangu anasisitiza JSP ndo bora japo inakaangakaanga mwanzo mwisho. Nani yuko sahihi na nawezaje kulinganisha mwenyewe bila vifaa vya studio? Halafu King Oliver, yule mpiga kornet, ninazo CD mbili za nyimbo zilezile, mbona noti za moja ziko juu kidogo kuliko za mwenzake?

JIBU: Salama kabisa kaka, karibu. Rafiki yako yuko sahihi, naanza na hilo nisikuzungushe, ila sababu yake ndo muhimu zaidi kwasababu ukiielewa utaweza kuhukumu toleo lolote utakalokutana nalo.

Ile kelele ya kukaanga inatoka kwenye shelaki yenyewe, yani malighafi ya santuri za zamani, na imetapakaa kote mpaka juu kwenye trebo, na huko juu ndo kuna vitu vidogo vinavyofanya tarumbeta iwe tarumbeta, yani ule mguso wa ulimi noti inapoanza, pumzi kwenye klarineti, bati la toazi. Sasa mtu akichukua filta akakata kila kitu juu ya hezi elfu nne au tano hivi, kelele inaondoka kweli lakini inaondoka na hivyo vyote, unabaki na Armstrong anayepiga akiwa nyuma ya pazia. Programu za kisasa zina akili zaidi kidogo, zenyewe zinashusha kelele pale muziki unapokuwa chini, ila zikisukumwa sana utasikia kelele inakuja na noti na inakufa nayo, sauti inakuwa kama inapumua. Mi hilo linanikera kuliko mkwaruzo wowote, kwasababu mkwaruzo usiobadilika sikio linauzoea ndani ya dakika moja na kuusahau, lakini kitu kinachopanda na kushuka halizoei kamwe.

Sasa namna ya kulinganisha. Kwanza kabisa sawazisha volyumu, usiruke hatua hii, maana sikio la binadamu likisikia kitu kilichozidi desibeli moja tu linasema hiki ndo kizuri. Ingiza nyimbo kwenye kompyuta, Audacity ni ya bure, weka matoleo yote matatu yalingane kisha badilisha kutoka moja kwenda jingine wimbo ukiwa unaendelea. Na tumia wimbo uleule, sio wa 1925 huku na wa 1928 kule. Hot Five za mwanzo, Novemba 1925 Chicago, bado zilirekodiwa kwa pembe, wanamuziki wanapuliza ndani ya pembe kubwa na nguvu ya sauti peke yake ndo inasukuma sindano ikate nta, hakuna umeme. Kwa njia hiyo kinachoingia ni takriban hezi 250 mpaka 2500 tu, besi hamna. Maikrofoni za Western Electric zilikuja 1925 kwa kampuni za Victor na Columbia, kampuni ya OKeh waliokuwa na Armstrong walizipata baada ya Columbia kuwanunua mwishoni mwa 1926, ndo maana Hot Seven (bendi yake nyingine) za Mei 1927 unaisikia tuba ya Pete Briggs inatembea vizuri na zile za nyuma zake zimebanwa. Hapo hakuna wa kumlaumu.

Wimbo ninaotumia mimi ni West End Blues ya tarehe 28 Juni 1928. Ule mwanzo Armstrong yuko peke yake bila chombo kingine, sikiliza nafasi iliyopo kati ya noti na noti, je hewa ya chumba bado ipo au pamekuwa kimya cha kukatwa? Kisha solo ya tromboni ya Fred Robinson, nyuma yake Zutty Singleton anagonga vitoazi vidogo vya mkononi, na hapo ndo CD yako ya bei rahisi itakapojiumbua maana vitasikika kama kipande cha mbao, kwenye JSP vina chuma ndani yake. Kwenye piano ya Earl Hines fuatilia mikia ya noti, inaisha yenyewe au kuna mtu kaifyeka? Na karibu na mwisho Armstrong anashikilia noti moja ya juu muda mrefu sana, kama inayumba juu chini polepole ujue santuri iliyonakiliwa tundu lake haliko katikati na fundi hakujisumbua kuisogeza.

Tena vaa hedifoni. Rekodi hizi zote ni mono, kwahiyo ukisikia kushoto na kulia vinatofautiana ni aidha mtu kanakili bila kuunganisha njia mbili, au katengeneza sterio ya bandia. Miaka ya 80 Robert Parker wa Australia alipata umaarufu mkubwa kwa kuzipa rekodi hizi sterio na mwangwi wa ukumbi, na watu wengi waliingia kwenye jazz ya zamani kupitia yeye, nalishukuru hilo kwa moyo, lakini kwa mkusanyaji anayetaka kujua kilichokuwemo kwenye santuri siyo njia.

Kwanini JSP ni nzuri? Kazi ile ni ya John R.T. Davies, Mwingereza, alizaliwa 1927 akafariki 2004, mpiga saksafoni pia kwahiyo alijua jinsi vyombo vinavyolia. Huyu mzee alifahamika kwa kuondoa vipasuko kimoja kimoja kwa mkono, anakwangua utepe wa sumaku kwa wembe pale penye kipasuko basi, kwingine hagusi. Na kabla ya hapo kuna suala la sindano, ambalo watu hawalizungumzii kabisa na mimi naona ndo nusu ya kazi yote. Mfereji wa santuri ya 78 (mizunguko 78 kwa dakika) unataka sindano ya kama milimita 0.076, ya LP ya sterio ni kama 0.018 tu, ukiitumia hiyo inaenda kuburuza chini kabisa kwenye uchafu. Fundi mzuri ana sindano za saizi nyingi, anajaribu moja baada ya nyingine mpaka apate inayokaa kwenye ukuta ambao sindano za chuma za enzi zile hazikuula. Hiyo huwezi kuirekebisha baadae kwa kompyuta, ukikosea hapo imekula kwako.

Boksi la Columbia kwa sikio langu halina msimamo, kuna nyimbo zimetoka vizuri sana na nyingine kali mpaka zinachoma, kwahiyo usiliuze, linganisha wimbo kwa wimbo. Ile ya bei rahisi kaa nayo kwenye gari.

Tuje kwa King Oliver. Hiyo ni kasi. Tunasema 78 lakini enzi ya pembe kila studio ilizungusha kivyake, kuna zinazotaka 75 na kuna zinazopita 80, na tofauti ya asilimia 6 tu ni nusu toni nzima, yani kutoka 78 mpaka karibu 83. (Wenye santuri za Siti binti Saad za HMV Bombay 1928 mnisikie pia, namba 78 isiwatulize, kagueni kwa kinanda.) Fungua kinanda, tafuta noti ya mwisho ya wimbo. Bendi za New Orleans zilipenda B bapa, E bapa, F, A bapa, sasa CD ikikuangukia kwenye B kamili au E kamili, au katikati ya funguo mbili, hiyo ndo iliyokosea kasi. Nakushauri tafuta seti ya Off the Record ya 2006 iliyofanywa na Doug Benson na David Sager, rekodi zote za 1923 za Creole Jazz Band, bendi ya King Oliver, kasi imefanyiwa kazi kweli. Zile za kampuni ya Paramount zitakaanga tu hata humo, shelaki yao ilikuwa mbaya tangu dukani.

Ukizihifadhi kwenye kompyuta tumia FLAC, faili lisilopoteza kitu, MP3 ya 128 inashindwa kabisa na kelele ya shelaki inaigeuza majimaji. Seti ikifika anza na za kampuni ya Gennett, Aprili 1923, Richmond Indiana. Ngoma kubwa ya Baby Dodds usiitafute, mtambo ule haukuiweza akabaki kugonga vipande vya mbao. Tafuta banjo ya Bill Johnson, ukiisikia kila mpigo chini ya kornet mbili zikiwa zinalia pamoja basi toleo lako ni zuri.