Shangazi, nimemfokea mwanangu na wenzangu kazini wamenisikia

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka 13 na wa kiume 8. Tangu lokidauni ya korona ianze mwaka jana, 2020, mimi na mume wangu tunafanyia kazi nyumbani. Yeye anakaa chumbani, anafunga mlango. Mimi niko sebuleni mezani, na watoto wananizunguka na masomo yao ya kwenye simu. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mkutano wa Zoom, mdogo akawa ananiita “mama, mama” kuhusu hesabu zake. Nikamfokea kwa maneno ambayo naona aibu kuyaandika. Kumbe maikrofoni ilikuwa wazi. Nilijifungia bafuni nikalia. Siku hizi hata mume wangu akikoroga kijiko kwenye kikombe naona ananifanyia makusudi. Naamka saa tisa usiku, nasoma idadi ya waliokufa mpaka kunakucha. Mume wangu anasema watu wanazikwa bila ndugu zao, mimi nalia kwa sababu ya kelele. Pengine ni kweli. Hatujafiwa, mishahara inaingia. Shangazi, ndiyo nimeanza kuchanganyikiwa? Na mtoto nimwambie nini? – Mama wa Wawili*

Marahaba, mwanangu. Hujachanganyikiwa. Umechoka, na sababu ya uchovu wako umeiandika mwenyewe bila kuisitia: mume wako anafunga mlango, wewe huna mlango wa kufunga. Nitarudi hapo, maana hapo ndipo kwenye kiini cha barua yako. Kwanza nimalizane na hili la kuwa na haki ya kulalamika au kutokuwa nayo, kwa sababu naona ndilo lililokuziba mdomo muda wote huu.

Ni kweli watu wanakufa, na wapo waliowazika wazazi wao kwa kuwatazama kwenye simu. Lakini kunyamaza kwako hakumpunguzii mfiwa hata chozi moja. Februari 2020, wiki chache kabla Shirika la Afya Duniani halijatangaza Machi 11 kwamba korona ni janga la dunia nzima, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha mapitio ya tafiti kuhusu watu waliowahi kuwekwa karantini katika milipuko ya nyuma, ikiwemo ya SARS (ugonjwa wa njia ya hewa) na Ebola. Mambo yaliyowaumiza yametajwa humo: muda kuwa mrefu, hofu ya kuambukizwa, kuudhika, kuchoshwa na kukaa tu, kupungukiwa mahitaji, kukosa taarifa za kueleweka. Umeona? Kuudhika kumetajwa sambamba na hofu ya ugonjwa wenyewe. Na katika mojawapo ya tafiti hizo, waliofungiwa zaidi ya siku 10 walikuwa na dalili kubwa zaidi za msongo kuliko waliofungiwa pungufu ya hapo. Siku 10, mwanangu! Wewe huu ni mwaka wa pili wa kufungiwa, kufunguliwa kidogo, kisha kufungiwa tena, na kila tarehe mnayopewa ikikaribia inasogezwa mbele. Mtu anayejua mwisho wa shida yake huigawa nguvu yake ikamtosha. Asiyeujua huishiwa njiani.

Sasa turudi kwenye mlango.

Kabla ya janga hili ulikuwa na vipande vya siku ambavyo hakuna aliyevihesabu kuwa mapumziko, wewe mwenyewe ukiwemo. Ile safari ya kwenda kazini, umekaa unatazama nje, hakuna anayekuita. Mwenzako wa dawati la jirani ambaye kwake hukuwa mama wala mke wa mtu. Dakika ulizochelewa kurudi kwa sababu ulikutana na rafiki mkasimama kuongea. Lokidauni ilipofunga milango ya nje ilivifuta vyote hivyo, ikaacha kazi zake zote juu yako, tena ikaongeza nyingine: kupika mchana, ualimu wa hesabu, kufuta vitasa, kukumbusha watu barakoa. Mume wako naye amepoteza vyake, simkatalii. Lakini yeye asubuhi anaingia chumbani, anafunga, na kwa saa kadhaa anakuwa mtu wa kazi na si kitu kingine. Ukifika mchana yeye amefanya kazi moja, wewe umefanya nne kwa wakati mmoja na zote zimeharibika kidogo. Halafu anatoka, anakoroga kijiko kwenye kikombe, na wewe unataka kupiga ukuta. Mimi sishangai hata kidogo. Kijiko hakina kosa. Ni mtu aliyetoka kwenye utulivu kuja kupumzikia pale ambapo wewe hujapumzika.

Kwa hiyo sitakwambia uvumilie. Umeshavumilia, na ndiyo hiyo iliyokulipukia mdomoni mbele ya wafanyakazi wenzako. Nataka uombe chumba.

Usiombe leo kama leo umekasirika. Ngoja jioni ambayo watoto wamelala na hakuna aliyetoka kugombana. Na usianze kwa kusema “nisaidie”. Neno hilo linaanza kwa kukubali kwamba kazi ni yako na yeye ni msamaria tu. Mwambie hivi: “Chumba chenye mlango ni kimoja na tuko wafanyakazi wawili. Tukigawe.” Yeye achukue asubuhi, wewe mchana, au mpeane siku kwa siku, mtakavyoona kulingana na mikutano yenu. La msingi ni kwamba asiyekuwa chumbani ndiye mwenye watoto, kamili. Hesabu ni zake, mtandao ukikatika ni wake, ugomvi wa nani ashike simu ni wake. Mtoto akija kugonga kwako, mume wako ndiye anayemrudisha, si wewe.

Tena omba saa moja kwa siku isiyo ya kazi. Naona hapa ndipo utakapoona haya, utajiambia unajidekeza. Iombe hivyo hivyo. Kama sheria zenu zinaruhusu kutoka kutembea, toka peke yako. Kama haziruhusu, ingia ndani, lala, tazama dari, usifue wala usipange makabati. Na yeye apate saa yake, maana hata anayefunga mlango kwa ajili ya mikutano hajapumzika.

Neno moja kuhusu binti yako wa miaka 13. Katika kugawana huku kuna kishawishi cha kumtwika mdogo wake kwa kuwa “yeye ni mkubwa”. Msifanye hivyo. Naye ni miongoni mwa wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 ambao, kwa takwimu za UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, shule zilifungwa mbele yao mwaka 2020. Umri wake ni wa kuwa na marafiki, na marafiki zake sasa wako ndani ya simu anayogombania na mdogo wake. Hukumtaja sana kwenye barua. Mtoto anayekaa kimya kwenye nyumba yenye kelele anahitaji kuulizwa hali.

Mdogo umwombe radhi, leo hii, bila maelezo marefu. “Nilikufokea, nilisema maneno mabaya, hukustahili. Nilikuwa nimechoka, lakini kuchoka kwangu si kosa lako.” Basi. Usiongeze “na wewe lakini ulikuwa unanisumbua”, maana ukiongeza hilo umeifuta radhi yote. Wapo wazazi wanaoamini kwamba kumwomba mtoto radhi ni kujishusha. Mimi naamini mtoto wa miaka 8 asiyeambiwa kitu hubaki anajitafutia sababu, na sababu anayoipata karibu kila mara ni kwamba yeye ni mbaya. Wenzako wa kazini waache. Kila mmoja wao ana lake nyuma ya kamera.

Saa tisa usiku. Simu ilale sebuleni, isilale kitandani kwako. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wafuatilie habari za ugonjwa mara moja au mbili kwa siku, kwa saa maalumu, wapunguze zile zinazowatia hofu. Namba utakayoisoma saa tisa usiku utaikuta saa mbili asubuhi, nayo haitakuwa imekungoja uifanyie chochote. Ukiamka asubuhi, kabla ya kugusa simu, simama mlangoni au dirishani upate mwanga wa jua. Mwili hupanga saa zake za kulala na kuamka kwa mwanga huo, na mtu anayekaa ndani siku nzima chini ya taa huuchanganya bila kujua.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu ambacho sikukiona, nami nafurahi sikukiona. Hata hivyo nitakuuliza: kuna siku unamwogopa mume wako? Aprili 2020 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alilazimika kuziomba serikali ziwalinde wanawake, kwa kuwa wengi walikuwa wamefungiwa ndani pamoja na wanaowapiga. Kama jibu lako ni ndiyo, achana na haya yote ya kugawana chumba na utafute msaada nje ya nyumba, kwa simu au kwa mtu unayemwamini. Amri ya kukaa ndani haikuandikwa ili mtu akae apigwe. Vilevile, kama kilio cha bafuni kimekuwa cha kila siku kwa wiki mbili na zaidi, kama chakula hakipiti, au umewahi kuwaza kwamba bora usingekuwepo, zungumza na daktari wiki hii. Wengi wanahudumia kwa simu sasa.

Na wewe baba, ikiwa mkeo amekuonyesha majibu haya: sijakuita mtu mbaya, na najua na wewe unabanwa. Nakuomba jambo moja tu. Kesho asubuhi chukua kompyuta yako, ukae sebuleni mezani na watoto wako wawili na simu yao moja, mpaka jioni, na mikutano yako yote uifanyie hapo. Mkeo akae chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Usimwite kumuuliza lolote ambalo yeye hakuiti wewe kukuuliza. Jioni ndipo mkae mpange.